Kabla ya Ekzosi, Anza na Springi

Swali la msomaji: "Fundi, nimenunua Yamaha XT250 iliyokwishatumika. Nina kilo 95 na urefu wa futi sita. Nusu ya safari zangu ni lami, nusu ni njia za vumbi na mawe. Kwenye lami ikifika kilomita 90 kwa saa injini inalia na haitaki kwenda zaidi. Kwenye mawe inagonga chini, kwenye changarawe mbele inayumba, na nikisimama juu ya vikanyagio mgongo unaniuma. Nimetenga fedha za ekzosi mpya, filta ya wazi na pistoni kubwa. Nianze na ipi? Au niiuze nichukue ya cc 400?"

Jibu: Ndugu yangu, usinunue ekzosi. Hiyo pistoni nayo iache dukani. Nayasema haya mapema ili hata ukiishia hapa kusoma, fedha zako ziwe salama.

Malalamiko yako ni manne, na matatu kati yake hayahusiani na nguvu ya injini hata kidogo. Kugonga chini ni springi. Kuyumba kwenye changarawe ni upepo wa tairi pamoja na shokapu. Mgongo ni usukani ulio chini mno kwa mtu wa urefu wako. Limebaki moja tu, la injini kulia kwenye lami. Hilo kweli ni la injini, ila ekzosi haitalitibu, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Injini yako ni silinda moja ya cc 249 inayopozwa kwa hewa, na inatoa takriban nguvu farasi 20. Unapokimbia, adui yako mkubwa ni upepo, na nguvu inayotakiwa kuushinda upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kutoka kilomita 90 hadi 100 kwa saa ni nyongeza ya asilimia 11 tu ya kasi, lakini upepo peke yake unadai nguvu zaidi kwa asilimia 37. Sasa igeuze hesabu. Tuseme ekzosi na filta vimekupa asilimia 10 ya nguvu, jambo ambalo kwa injini ya aina hii ni ukarimu mkubwa. Mwendo wako wa mwisho utapanda kwa asilimia 3 hivi. Ulipokuwa ukifika 90, sasa utafika 93. Kwa hizo kilomita tatu utakuwa umenunua kelele ya kutwa nzima, na kelele ndiyo inayofanya wenye mashamba na walinzi wa misitu wafunge njia tunazozipenda. Nimeona njia nzuri zikifungwa kwa sababu hiyo, na inaniuma mpaka leo.

Ukiinama kidogo, au ukivaa koti linalobana mwili badala ya lile linalopepea kama bendera, utapata karibu kiasi kilekile bila kununua kitu.

Kuna jambo jingine katika swali lako. Unasema haina nguvu, na papo hapo unasema inalia. Hayo mawili yanavutana. Ukitaka isilie kwenye lami, unaweka sproketi (lile gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele yenye meno mengi zaidi, na hapo itazidi kuwa nzito kwenye mlima. Ukitaka ivute kwenye mawe, unapunguza meno ya mbele, nayo italia zaidi kwenye lami. XT250 hutoka kiwandani ikiwa na meno 15 mbele na 48 nyuma, yaani mbele inazunguka mara 3.2 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiweka 14 mbele unapata 3.43, tofauti ya asilimia 7. Ukiweka 13 unapata 3.69, asilimia 15, na hapo lami inakuwa adhabu. Hakikisha kwanza kwamba aliyekuuzia hakukwisha kubadilisha. Hesabu meno kwa mkono wako. Nimekutana na pikipiki nyingi "zisizo na nguvu" na "zinazolia sana" ambazo shida yake yote ilikuwa sproketi aliyoiweka mwenye nayo wa kwanza na kuisahau. Kwa matumizi yako ya nusu kwa nusu, ningeacha 15 na kununua ya 14 ya akiba. Sproketi ya mbele ni kipande kidogo, hubadilishwa kwa muda wa kunywa chai, na kwa jino moja cheni ileile inatosha. Siku ya milima unaweka 14, siku ya safari ndefu unarudisha 15.

Lakini hata kabla ya sproketi, mashine iliyotumika huanza kwa kupimwa afya yake. Inyanyue gurudumu la nyuma, weka gia huru, zungusha kwa mkono. Likisimama upesi, breki inashika au beringi imekwisha, na hizo ni nguvu farasi zako zinazoliwa bure. Fungua filta ya hewa. Ya sponji ioshwe, ikauke kabisa, ipakwe oili yake, na ukingo wake upakwe grisi nyembamba pale inapokalia, kwa sababu vumbi lipitalo pembeni mwa filta husaga silinda kama msasa. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa imepoa. Badilisha oili bila kusubiri. Injini hizi ndogo hubeba takriban lita moja na nusu tu, na kiasi hicho kidogo huchafuka haraka kuliko oili ya gari. Fungua pia viungo vya shokapu ya nyuma na beringi za shingo ya usukani uone kama kuna grisi. Mara nyingi utakuta ni kidogo mno, au ni tope tu. Ukimaliza hayo yote ukapanda tena, huenda ukakuta kilomita zako tano za ziada zilikuwa zimejificha humo.

Sasa springi. Hapa ndipo ningetumia fedha zako, na ningezitumia bila kusita.

Pikipiki ndogo za namna hii hupewa springi laini, zinazomfaa mtu mwepesi kuliko wewe. Ukiwa na kilo 95, ukiongeza kofia, buti na begi, unaikalia ikiwa imekwisha kubonyea karibu nusu ya safari yake, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Jiwe likija, shokapu haina pa kwenda isipokuwa mwisho wake, na ndipo unaposikia lile gongo. Wengi hudhani dawa ni kukaza springi iliyopo. Ngoja nikuonyeshe jinsi ya kujua kama hiyo inatosha.

Tafuta wenzako wawili na futi ya chuma. Inyanyue pikipiki mpaka gurudumu la nyuma liache ardhi, kisha pima kutoka kwenye ekseli wima hadi alama uliyoiweka kwenye mkia. Andika. Iteremshe isimame kwa uzito wake yenyewe, pima tena. Kisha wewe ukae ukiwa umevaa kila kitu unachovaa safarini, mmoja akushikilie usianguke, mwingine apime mara ya tatu. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo mbonyeo wako. Gurudumu la nyuma la XT250 lina safari ya milimita 180, na unataka theluthi yake, kati ya 55 na 60. Ukikuta 80, kaza.

Ukishapata 60 usikimbilie kushangilia. Rudi kwenye kipimo cha pili, kile cha pikipiki peke yake. Inapaswa ibonyee yenyewe kama milimita 10 hadi 25. Ikiwa haibonyei hata kidogo, maana yake umeikaza springi laini kupita kiasi ili ikubebe. Itarusha gurudumu juu kila ukipita tuta, na bado itagonga chini kwenye jiwe kubwa. Hapo hakuna ujanja, springi ngumu zaidi inahitajika. Kinyume chake pia ni kweli: mbonyeo wako ukiwa sawa lakini pikipiki peke yake inabonyea sana, springi ni ngumu mno kwako. Kwa kilo 95, sitashangaa ukikuta unahitaji mpya mbele na nyuma.

Mbele fanya vivyo hivyo, na ukiwa umefungua, badilisha oili ya shokapu. Itakayotoka katika pikipiki ya zamani huwa rangi ya maji ya tope. Fuata kipimo cha kiwandani cha urefu wa oili, kisha kama bado inagonga mwisho unaweza kuongeza milimita chache. Oili ikipanda, hewa iliyobaki juu yake inapungua, na hewa hiyo hufanya kazi kama springi ya pili inayokaza kadiri unavyokaribia mwisho. Ongeza kidogo, panda, sikiliza. Ukizidisha, sili zitaanza kuvuja.

Usibadilishe nyuma peke yake ukaacha mbele. Nyuma ikinyanyuka na mbele ikabaki imelala, pembe ya shingo inasimama zaidi na usukani unakuwa mwepesi wa kupindukia kwa kasi. Mbele ikinyanyuka peke yake, unakuwa mzito, hautaki kukata kona. Sehemu kubwa ya kuyumba unakokulalamikia kwenye changarawe inaweza kutibika hapohapo, kwa kuziweka ncha mbili zikae sawa.

Sehemu iliyobaki iko kwenye tairi. Kwenye lami fuata upepo ulioandikwa na mtengenezaji. Ukiingia njia ya vumbi na mawe, punguza mpaka psi 18 hivi, na kwenye mchanga mzito hata 15, kisha jaza tena kabla ya kurudi lami. Tairi yenye upepo wa lami hurukaruka juu ya kokoto badala ya kuzikumbatia. Lakini usishuke bila mpaka. Tairi laini lenye tyubu likigonga jiwe kwa kasi, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi, na utakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Na chini ya psi 15 tairi huanza kuteleza juu ya ringi unapofunga breki au kuvuta gia, likivuta tyubu pamoja nalo hadi valvu inachanika shinani. Tyubu iliyochanika hapo haizibiki.

Nilijifunza hilo kwa kutembea. Nilikuwa nimekaza nati ya valvu kwenye ringi kwa nguvu zangu zote, nikidhani naisaidia isitoke. Kumbe niliifunga isiweze hata kuinama, na tairi lilipoteleza, valvu ikakatika kama shina la mboga. Tangu siku hiyo ile nati siikazi kwenye ringi. Naipandisha juu ikabane kifuniko cha vumbi. Sasa tairi likisogea, valvu inalala upande, nami naiona kwa macho kabla haijakatika. Ukipanga kuendesha na upepo mdogo mara kwa mara, weka pia kibanio cha tairi ndani ya ringi, kile kinachokazwa kwa boliti moja na kulishikilia tairi lisizunguke.

Kuhusu meno ya tairi lenyewe, kuwa mkweli kwa matumizi yako. Yale yenye vibonge virefu vya porini yatakupa raha kwenye tope na wasiwasi kwenye lami yenye maji, na ya nyuma yatakwisha haraka. Kwa nusu kwa nusu, ningeweka la vibonge mbele, ambako ukipoteza mshiko unaanguka, na la wastani nyuma, ambako ukipoteza mshiko unateleza tu na kuendelea.

Mgongo wako sasa. Simama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, ukiangalia mbele kama unaendesha. Mikono ikilazimika kuushusha mgongo ili ifike, usukani uko chini. Vipandishi vya usukani vya milimita 25 hadi 40 vinatosha watu wengi wa urefu wako. Kabla ya kuvinunua, jaribu kwanza kuzungusha usukani wenyewe kwenye vibano vyake, na kushusha mikono ya breki na klachi ili kiganja kikae sawa na mkono unaposimama. Kwa baadhi ya watu hiyo peke yake hutosha, na ni kazi ya spana moja.

Ukiupandisha, fanya jaribio hili bila kukosa: washa injini ikiwa gia huru, kisha zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, halafu mpaka mwisho wa kulia. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutika. Usiiendeshe hivyo hata hatua moja, kwa sababu siku utakapokata kona kali, pikipiki itajiongezea moto yenyewe. Angalia pia mpira wa breki ya mbele usivutike. Vikanyagio vipana navyo ni fedha iliyotumika vizuri. Vile vyembamba vya kiwandani hukata nyayo, na mtu anayeumwa nyayo hukaa chini mahali ambapo angepaswa kusimama.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kuliacha: cheni. Kila ukigusa springi au urefu wa nyuma, umeigusa cheni. Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (ule wa chuma unaoshika gurudumu) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Kwenye stendi, gurudumu likiwa linaning'inia, inaweza kuonekana imelegea vizuri, kumbe ukikaa inakuwa kama waya wa gitaa. Funga mkanda kutoka mkia hadi kwenye gurudumu, bana mpaka vitu vitatu hivyo viwe mstari mmoja, na hapo hakikisha bado kuna ulegevu kidogo. Cheni iliyolegea hupiga kelele, na unaweza kuishi nayo mpaka jioni. Iliyokaza hukaa kimya na kuua beringi ya shafti ya gia, na kuibadilisha beringi hiyo ni kupasua injini nzima. Nimezipasua kadhaa kwa sababu hiyo moja. Mwenye nayo alikuwa ameambiwa tu, "kaza cheni".

Bamba la kukinga injini weka, la alumini, na uziachie nafasi boliti za oili. Vikinga mikono weka vile vinavyofungwa kwenye ncha za usukani, kwa sababu vya plastiki pekee vinazuia matawi, haviokoi mkono wa klachi pikipiki ikilala. Mizigo ibebe kwenye mifuko laini, chini na mbele kadiri inavyowezekana. Sanduku zito juu ya mkia hufanya kazi kama mtu anayening'inia kwenye tawi, na fremu ya nyuma ya pikipiki ndogo hupasuka pale inapoungana na ile kubwa. Taa za ziada zisizidi uwezo wa kuchaji. Pima betri injini ikiwa kwenye mizunguko ya kati, na ikiwa haifiki volti 13.5 kila kitu kikiwa kimewashwa, unaitumia betri bila kuirudishia.

Na ikiwa baada ya yote haya bado moyo unataka ekzosi, basi ifanye kwa ukamilifu. Ukifungua njia ya kutolea moshi na ya kuingizia hewa bila kuongeza mafuta, mchanganyiko unakuwa mkavu. Utajua kwa dalili: injini kusitasita kwenye mwendo uleule, milipuko midogo kwenye bomba unapoachia mafuta, plagi kuwa nyeupe kama chokaa. Injini inayopozwa kwa hewa haivumilii ukavu, inachemka. Kwenye toleo la kabureta utabadilisha jeti ndogo na kubwa na kuinua sindano kidogo. Kwenye toleo lisilo na kabureta, linalopulizia mafuta kwa injekta, utahitaji kifaa cha kurekebisha mafuta, na gharama imeongezeka tena. Pistoni kubwa siipendekezi kabisa kwa mtu anayekwenda mbali na karakana. Joto linaongezeka, upozaji unabaki uleule.

Je, uchukue cc 400? Sitakwambia hapana. Mtu wa futi sita na kilo 95 anayetumia lami nusu ya muda wake ana haki ya kuitamani. Suzuki DR-Z400S, kwa mfano, inapozwa kwa maji, ina karibu nguvu farasi 40, na kwenye lami utaiona tofauti tangu gia ya kwanza. Ila kiti chake kiko milimita 935 kutoka ardhini, wakati cha XT250 ni kama 810 hadi 830 kutegemea toleo, na hizo sentimita 10 na zaidi zina uzito wake pale unapokwama katikati ya mteremko wa mawe ukihitaji kushusha mguu.

Pikipiki yako huko Japani huitwa Serow, jina la mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Serow ya kwanza, ya cc 223, ilitoka mwaka 1985, na wazo lake lilikuwa mashine nyepesi ambayo mpanda anaweza kushusha miguu yote miwili na kuisukuma kupita mahali ambapo wengine wanarudi. Waliijenga kwa ajili ya njia usizozijua mwisho wake, na lami haikuwa shabaha yao.

Kwa hiyo weka springi, weka upepo sahihi, inua usukani, kisha uipande mwezi mzima ukiandika kila siku umekwenda wapi. Daftari likionyesha lami tupu, iuze bila majuto. Springi ulizoweka zitoe uziuze peke yake, maana mnunuzi wako huenda ana kilo 65, na umrudishie zile za kiwandani. Usizitupe leo. Zifunge kwenye gunia lenye oili kidogo, uandike juu yake ya mbele na ya nyuma.